Tarehe ya Kurudi

Muuguzi aliyetoka zamu alifumba macho, lakini masikio hayana kope. Kiti cha mbele, bibi aliyekumbatia faili alikuwa akifundishwa mahojiano ya viza na fundi cherehani waliyekutana humo humo basini.

"Ukiulizwa utarudi lini, utasema nini?"

"Mjukuu akishaota meno."

"Taja tarehe, mama, watakunyima."

"Kwani meno yana tarehe? Binti yangu kajifungua juzi, yuko peke yake huko."

"Basi sema miezi mitatu."

"Niongope, na mvi hizi?"

Basi likasimama mbele ya ubalozi. Fundi akamwekea sawa kilemba. Bibi akashuka akinung'unika, "Mitatu, mitatu," na muuguzi, ambaye kituo chake kilishapita, akamwombea mtoto awahi kuota meno.