Koleta Masolwa na Mwanga Uliopungua Wekundu

Kitu cha kwanza nilichokigundua kwa shangazi yangu, Dkt. Koleta Bernardo Masolwa, ni kwamba hakuitikia salamu bila kuongeza swali.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo umejifunza nini, na umejuaje?"

Marehemu alizaliwa Kwihara tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa pili wa hayati mzee Bernardo Masolwa na Mama Gaudensia, wakulima wa tumbaku. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kwihara, kisha sekondari Tabora mjini. Alihitimu shahada ya fizikia Dar es Salaam mwaka 2004, na uzamivu Afrika Kusini mwaka 2013. Tangu hapo alifundisha chuo kikuu Dodoma.

Alichunguza mwanga wa gesi ya haidrojeni kutoka galaksi za mwanzo kabisa, mwanga uliosafiri zaidi ya miaka bilioni kumi na mbili. Ukitawanywa, mwanga huo huonyesha mistari ya rangi, na mstari mwekundu kwa kawaida huwa na nguvu karibu mara tatu ya ule wa buluu. Vumbi likiwa njiani, buluu hufifia na wekundu huzidi, kama jua letu la Agosti. Mwaka 2023 marehemu alikuta galaksi ambayo wekundu wake umepungua. Vumbi haliwezi kufanya hivyo. Wenzake walisema kifaa kimekosea. Yeye alisema gesi yenyewe ni nzito mno, inaunasa mwanga mwekundu na kuurusha upande tusiouona.

Alimweleza hayo Mama Gaudensia, aliyekuwa akifagia ua.

"Kwa hiyo huko hakuna vumbi? Nihamie."

"Lipo, mama. Ila huenda galaksi yenyewe ilishakufa. Tunaona mwanga wake tu."

"Kumbe miaka yote hii unasomea marehemu!"

Walicheka hadi ufagio ukamponyoka mama.

Mwaka 2009 alifunga ndoa na Mwalimu Amon Silasi, kanisani Ipuli, Tabora. Walijaliwa binti mmoja, Advera.

Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani. Alitibiwa, lakini ikafika kwenye ini. Katika kipindi hicho makala yake ilikataliwa mara mbili. Machi mwaka huu wa 2025, madaktari walipokuwa wamekwisha kusema hakuna tiba iliyobaki, ilikuja habari kwamba darubini ya angani itaelekezwa tena Novemba kwenye galaksi ile, kupima mstari wa tatu wa rangi wa haidrojeni. Huo ndio utakaoonyesha kama kifaa kilikosea au tafsiri yake ni ya kweli.

"Novemba, Amon," alisema.

"Utakuwepo."

"Usinidanganye, baba Advera. Mimi ni mtu wa vipimo."

Alifariki dunia nyumbani Ipuli tarehe 6 Julai. Ameacha mama, mume, binti na ndugu wengi. Mungu amlaze pasipo na maumivu.

Katika kundi lake la utafiti hakubaki anayeiamini tafsiri yake. Mwalimu Amon ameomba atumiwe matokeo, ingawa hawezi kuyasoma, na katika familia yetu hakuna awezaye. Galaksi itapimwa tarehe 21 Novemba. Tunaingoja siku hiyo.