Hakuna Ufunguo Malaya Katika Nyumba Hii

Niinueni mgongo kwanza, niwekeeni mto hapa, maana maneno haya sitayasema nimelala kama mtu aliyekwisha kushindwa. Sikilizeni wanangu, wewe kifungua mimba na wewe kitinda mimba. Na wewe fundi cherehani uliyesimama mlangoni, ingia ukae, nimekuita mwenyewe, na atakayeuliza mpangaji anatafuta nini kwenye wosia wa familia aniulize sasa hivi, ningali na ulimi.

Nyumba hii nawaachia ninyi wawili, sawa kwa sawa, vyumba vya mbele na vya uani, wala asiuze mmoja bila mwenzake. Hilo ni jepesi. Zito ni funguo.

Baba yenu alipofariki, mdogo wake hakungoja udongo wa kaburi ukauke, akawa amekwisha kuchongesha funguo za nyumba nzima. Siku moja nabadili nguo chumbani kwangu, mlango nimeufunga, nikasikia kitasa kinazunguka, huyo ameingia, wala hakushtuka, akasema amekuja kuangalia mali ya kaka yake. Nami nimesimama pale nimejifunika shuka. Siku ile ile niling'oa vitasa vyote kwa kisu cha jikoni, kwa sababu bisibisi sikuwa nayo, na ukoo ukasema mjane ana kiburi. Ninacho, na sijakipunguza.

Tangu hapo mpangaji akihama, kabla mwingine hajaingiza hata ndoo, kitasa chake kinang'olewa kinahamia mlango mwingine, na cha kule kinakuja huku. Msiridhike kwamba amerudisha funguo zake, kwa maana anayerudisha mbili hakwambii kama kuna wa tatu, na mchonga funguo wa pale kona haulizi mlango ni wa nani, anauliza unataka ngapi. Za akiba nimezivaa mwenyewe kwenye kamba hii shingoni. Bomba likipasuka namtafuta mwenye chumba hata kazini kwake, aje asimame kando yangu ndipo nifungue. Sijaingia kwa mtu bila kubisha hodi na kungoja karibu, ingawa nyumba ni yangu, tofali kwa tofali.

Sasa wewe, mwanangu wa kwanza. Ulikuja na shauri lako kwamba tuweke vitasa vinavyofunguliwa na ufunguo mmoja, ule mafundi wanaouita ufunguo malaya, unaoingia kila mlango, eti tupumzike na utitiri wa funguo. Nikakwambia jina lake limekwisha kukujibu. Ukanitolea methali, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wahenga walisema fungua, baba, hawakusema chongesha.

Homa iliponiangusha ulinilisha kwa mkono wako, na kwa hilo Mungu akulipe. Lakini siku niliyopata nguvu ya kwenda kuoga, nilishika kipande cha sabuni ya kufulia nikakuta kina alama ya ufunguo, meno yote yamekaa, na ufunguo wa chumba cha huyu fundi, hapa kifuani pangu, una sabuni kwenye meno yake. Ulinivua kamba nikiwa sijitambui, ukaukandamiza, ukanivisha tena, halafu sabuni ukairudisha kwenye kisahani chake, bafuni kwa mama yako. Hata wizi hukujifunza ukaweza, na hapo namshukuru Mungu.

Huyu dada fundi alirudi kutoka kazini akakukuta katikati ya chumba chake, ukasema unakagua nyaya za umeme. Nyaya gani zinapita ndani ya sanduku la nguo za mwanamke? Tangu siku hiyo anasukuma meza ya cherehani mlangoni ndipo alale, na kesho amepanga kuhama. Ukamwambia hakuna atakayemwamini, mama mwenyewe anaweweseka. Siweweseki. Wajomba zako wamenitumia neno ninyamaze, kifungua mimba asiaibishwe mbele ya mpangaji. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi machozi niliyobakiwa nayo ni machache. Ndiyo, wewe ndiye uliyenifungua tumbo, lakini kwa hilo hukupewa kufungua kila kitu.

Mimi sidaiwi na duka wala jirani. Ninadaiwa na huyu. Siku anaingia nilimwahidi kwamba mlango wake ataufungua yeye, na sitaki kuzikwa na deni hilo. Basi utoe huo ufunguo uliouchongesha. Usiniambie umeutupa, maana mkono wako haujatoka mfukoni tangu nianze kusema. Baraka sitaitamka ufunguo ule ukiwa kwako, na roho ikitoka kabla, utabaki hivyo hivyo, uwaulize wajomba kama wao wanayo ya kukugawia.

Maji... kidogo tu. Haya.

Hapana, usinipe mimi. Mpe mwenyewe, mkononi, umtazame usoni, umwambie ulimkosea. Sauti, mwanangu. Mimi ninayekufa nasikika kuliko wewe... Haya. Tumesikia. Fundi, kuhama au kubaki ni hiari yako, na hakuna atakayekulaumu.

Kitinda mimba, binti yangu, sogea, nivue kamba hii, uivae wewe. Kaka yako ana nusu ya nyumba, sikumnyima kitu, ila mlango wa mpangaji ataubisha kama mgeni yeyote. Mnizike bila makuu. Baba yenu mdogo akija msibani mpeni kiti, mpeni chai... mlango wa chumba changu muwe mmeufunga.

Njoo, kifungua mimba, inamisha kichwa, mkono wangu haufiki tena. Mungu awalinde nyote wawili, awape riziki isiyo na majuto, na watoto wenu... wawasikilize kuliko mlivyonisikiliza mimi. Usilie. Nimekusamehe, kwa moyo wote, nakupenda kama siku niliyokuzaa.

Binti yangu... bisibisi iko chini ya kitanda. Kitasa cha fundi... kibadilishe sasa hivi. Acha mlango wazi, nikusikie... ukikifungua.