Aliyenawa Mikono kwa Waliotengwa

Jumapili ya tarehe 30 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mwinjilisti Kokugonza Rutashobya atakabidhi ufunguo wa ofisi ya Usharika wa Mwamba wa Neema, hapa Igogo. Tuseme ukweli: ufunguo huo hakuutumia sana. Ofisi yake ilikuwa njiani, na aliyemtaka alimfuata huko huko.

Alishuka bandarini Mwanza akitokea Kagera, binti wa Kihaya mwenye sanduku moja, mkungu wa ndizi, na msimamo kwamba ugali si chakula bali ni adhabu. Amefundisha kipaimara vijana ambao leo wanamletea watoto wao. Ameanzisha mitaa miwili ya usharika kule juu mawemaweni, ambako wachungaji wengine walifika wakihema. Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni kuanzisha wimbo. Huupandisha juu mno, waumini wakabaki wamekodoa macho, hadi mwalimu wa kwaya, Ndalahwa, aushushe taratibu kama mtu anayemtoa paka juu ya bati.

Kwa hiyo Ndalahwa alipoanguka, Mwinjilisti aliumia kweli. Ndalahwa alimwacha Paskazia, mkewe wa ndoa, pamoja na watoto, akahamia Mabatini kwa Selina, muuza mitumba. Baraza la wazee likamtenga: hakuna kwaya, hakuna Meza ya Bwana. Mwinjilisti naye alinyoosha mkono kukubali, maana kosa lilikuwa kosa.

Sasa, hapa kwetu kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyejua ilianzia wapi. Mzee wa kanisa hali wala hanywi nyumbani kwa aliyetengwa. Ukienda kumwonya unasimama mlangoni na viatu vyako, unasoma mstari, unaondoka. Tuliamini kwamba ukila chakula chake umeibariki dhambi yake. Tulisahau kwamba kwa Wasukuma, mgeni akikataa chakula ameshakwambia kila kitu, na mstari hausikiki tena.

Mwinjilisti alikwenda Mabatini mchana kweupe, majirani wote wakiona. Alivua viatu, akanawa, akala samaki sato na ule ule ugali wa adhabu, akaomba aongezewe mchuzi. Ndalahwa alifurahi kupita kiasi, akamwomba aibariki nyumba yao mpya. Mama, ndivyo tunavyomwita Mwinjilisti wetu, akaweka tonge chini.

"Chakula chenu nimekula, na nitakuja kula tena. Lakini nyumba hii siibariki, Ndalahwa. Mkeo ni Paskazia, na wewe unalijua hilo kuliko mimi."

Kisha akamgeukia Selina, akamwita mwanangu, akamweleza kwa upole kwamba anastahili mume wake mwenyewe, si wa kuazima. Ndalahwa alitoka nje kwa hasira. Wiki iliyofuata Mwinjilisti akarudi, akanawa tena.

Habari zilifika Igogo kabla yake. Paskazia alilia, akauliza kama hata kanisani ameshabadilishwa na mwingine. Mwinjilisti alishinda naye siku nzima, wakifua na kulia pamoja. Mzee Ngosha, mwenyekiti wa wazee, alipeleka shauri barazani: Mwinjilisti analea dhambi. Wengi wakaguna kuunga mkono. Mama akasimama, na maneno yake tunayakumbuka hadi leo.

"Dhambi yake nimemwambia usoni, nikila kwenye sahani yake. Ninyi mmemwambia mkiwa mlangoni. Neno letu ni lile lile, wazee wangu. Mimi nilikaa nikasubiri ajibu."

Uamuzi ulikuwa mkali: apewe muda hadi Pasaka. Ndalahwa asipoonekana kanisani, Mwinjilisti naye afungashe virago. Lahaula, Kwaresima ile ilikuwa ndefu!

Wa kwanza kuinuka alikuwa Selina. Alifunga mizigo yake mwenyewe, akamwomba Mwinjilisti amsindikize kwa mama yake Misungwi, na Mwinjilisti akamsindikiza hadi mlangoni, akala na huko. Ndalahwa akabaki na nyumba tupu na hasira zake.

Jumapili ya Matawi ikafika. Mwinjilisti akaanzisha wimbo, ukapanda darini kama kawaida, kanisa zima likakodoa macho. Ndipo kutoka benchi la mwisho, karibu na mlango, sauti tuliyoikosa mwaka mzima ikaushika wimbo ule na kuushusha. Tuliimba, jamani! Paskazia hakugeuka kutazama, lakini aliimba. Mwinjilisti alilia waziwazi, kitabu kikiwa kichwa chini mkononi.

Paskazia hakumpokea mumewe siku hiyo, wala mwezi huo. Alimwambia apange chumba kwanza, alee watoto, aonekane. Alionekana. Pentekoste ya mwaka uliofuata Ndalahwa alirudi kundini: alisimama mbele ya usharika, akalitaja kosa lake kwa kinywa chake, akiwa na mkewe ubavuni. Vigelegele vilisikika hadi ziwani. Mchana huo Mzee Ngosha alikwenda nyumbani kwao, akavua viatu, akala. Desturi ya mlangoni ilikufa siku hiyo, na waliorudi kundini tangu hapo wanajaza mabenchi.

Kwa hayo yote, Mama, asante. Ulitufundisha kuiita dhambi jina lake na kumwita mtu jina lake, bila kuyachanganya. Mungu akupe afya, migomba isiyougua, na wajukuu wanaoimba vizuri kuliko wewe.

Baada ya ibada, sherehe itakuwa nyumbani kwa Ndalahwa na Paskazia. Selina, ambaye sasa ana ndoa yake ya kanisani Misungwi, ataleta michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Paskazia amesema aje, mradi akae meza ya mbali kidogo. Wimbo wa kufungua ataanzisha Mwinjilisti, na Ndalahwa ameombwa akae karibu.

Kazi moja tu iligombewa. Mzee Ngosha, ambaye siku hizi anatembelea mkongojo, amekataa katakata kumwachia mtu mwingine jagi na beseni. Amesema atakayemnawisha Mwinjilisti mikono ni yeye. Karibu unawe, Mama.