Avril Mawson na Bunda Jekundu la Bankfoot

Mimi, Des Sugden, mtunza jengo la halmashauri yetu, nina bahati ambayo wengine wangeuza nyumba waipate. Tangu nianze kupiga kura, kila niliyempa kura yangu ameshinda. Kila mmoja. Nimezunguka dunia kwenye meli za mizigo, nimekula pweza Lisbon na kunyolewa ndevu Singapore, na bado sijakutana na mtu wa kunifikia kwa hilo. Nadhani ndiyo sababu nimepewa mimi ukurasa huu wa jarida la wafanyakazi, ingawa shule niliiacha mapema na nukta huwa nazimwaga panaponipendeza.

Ukurasa ni wa Avril Mawson. Avril anastaafu Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu wa Mei, baada ya miaka thelathini na minne katika ofisi ya uchaguzi ya Halmashauri ya Hebbleshaw. Alikuja kwa kibarua cha wiki mbili, kubandika anwani kwenye bahasha. Hakuna aliyekumbuka kumwambia aondoke, naye hakuuliza.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa karavani iliyoegeshwa nyuma ya baa kule Moorside. Upepo ulipovuma, sanduku la kura lilisogea upande mmoja na Avril upande wa pili. Hapo ndipo alipokutana na mzee aliyekuja kila mwaka na kalamu yake ya wino, akidai penseli ya serikali hufutwa usiku. "Tumia wino wako, mpenzi," Avril alimwambia, "lakini leo uondoke na kalamu yako. Ya mwaka jana uliisahau hapa, na ndiyo hii ninayoandikia." Mzee aliitazama kalamu, akasema ilikuwa nzuri kuliko aliyokuja nayo, akadai wabadilishane.

Baadaye akawa mkuu wa meza za kuhesabia, na hapo ndipo wengi wetu tulipomfahamu. Kura zenye utata zilikuwa chakula chake. Wapo waliochora mbwa. Wapo waliotunga malalamiko kuhusu mashimo ya barabarani, na Avril alikuwa akiyanakili na kuyapeleka idara ya barabara. Mwaka mmoja mpiga kura wa Mill Lane aliandika "mwizi" mbele ya majina yote, isipokuwa moja, ambapo aliandika "mwizi mdogo". Mgombea huyo akaja mbio mezani. "Hiyo ni yangu," alisema. "Amenitofautisha na wenzangu." Avril akaigeuza karatasi juu chini, akaipima kwa macho. "Nia yake iko wazi, Diwani," akasema. "Ila si ya kukuchagua." Ikatupwa kwenye zilizoharibika, na diwani akaomba apewe nakala. Hakupewa.

Wale wa idara ya taka ambao hawajawahi kuingia ukumbini siku ya kuhesabu, niwaeleze kidogo, la sivyo hamtaelewa kilichompata Avril mwezi huu. Kata zetu zina viti vitatu, kwa hiyo kila mtu ana misalaba mitatu ya kuweka. Anayewapa watu watatu wa chama kimoja, karatasi yake inaingia kwenye bunda la chama hicho, inafungwa kwa mpira, kazi imekwisha. Anayechanganya ndiye anayetutesa. Karatasi za wachanganyaji hupangwa kwenye ubao mrefu, zikipandana kama vigae vya paa, visanduku vya misalaba pekee vikichungulia, na watu wawili wanahesabu jina baada ya jina. Tunaziita sketi.

Vyama kwetu tunaviita kwa rangi zao, na Avril alipoanza kazi, Hebbleshaw ilikuwa nyekundu kama nyanya. Mabunda mekundu yalirundikana mezani mchana kutwa, na sketi ya kata nzima isingemtosha mtoto wa darasa la kwanza. Waliovaa ua la buluu kifuani walikuja kwa adabu, wakanywa chai, wakashindwa, wakaaga.

Siku hizi sijui tuko wapi. Mwenye bucha ya Commercial Street, mwekundu tangu tumboni mwa mama yake, amehamia kwa wale wapya wa rangi ya feruzi. Mkewe ni wa kijani, kwa ajili ya mto wetu unaochafuliwa. Binti yao anasema wenye akili wako kwa wale wa chungwa. Jumapili wanakula nyama ya kuoka kwa amani kwa sababu wanazungumzia mchuzi tu. Mwaka huu sketi zilijaa kila meza hadi tukaazima nyingine kanisani. Nilipopita na chai niliona karatasi moja ya mtu aliyempa mwekundu, akampa feruzi, akampa wa kijani. Nilisimama nikaitazama. Alitaka nini? Mimi nimesoma nyuso za mabaharia wa mataifa kumi na sijajua. Nadhani hata yeye hajui.

Ilipofika saa nane mchana, vyama vyote vitano vilikuwa vimepiga picha ngazini kama washindi. Nilivipongeza vyote, kwa usalama wangu. Jioni tukaambiwa hakuna mwenye wingi wa viti. Basi.

Ilikuwa imebaki kata ya Bankfoot, na kwa Avril hiyo haikuwa kata tu. Kila mtu katika jengo hili anajua alichotaka kuondoka nacho. Hakuna hesabu ya Avril Mawson iliyowahi kupinduliwa, na alilisema hilo kwa utulivu, kama mtu anavyosema hajawahi kung'olewa jino. Bankfoot ndiyo ilikuwa hesabu yake ya mwisho. Na aliyekuwa akitetea kiti pale alikuwa Neville Tordoff, mwekundu, diwani tangu nywele zake zikiwa nyeusi, rafiki wa Avril na wa marehemu mumewe, Wilf.

Wenzake wawili wekundu walipita bila shida. Kiti cha tatu kilimpa Neville ushindi wa kura kumi na moja dhidi ya Saima Yaqub, fundi wa mapazia, mgombea huru asiye na chama wala rangi, aliyeingia ulingoni baada ya bwawa la kuogelea la watoto kufungwa. Mawakala waliziona hesabu, wakakubali. Saima, ambaye zamani alikuwa karani wa kituo chini ya Avril, alikuja kuaga akiwa ameshavaa mkono mmoja wa koti.

"Asante, anti," alisema. "Narudi kwenye cherehani. Yenyewe hainipingi."

"Umenitoa jasho, binti," Neville akamwambia, akimpa mkono. "Wabuluu miaka yote hawajanitoa hata chafya."

Mkurugenzi akachukua karatasi ya matokeo na kuelekea jukwaani. Avril alikuwa akibadilisha mpira uliolegea kwenye bunda jekundu. Karatasi zikatanuka mkononi mwake kama karata. Akaacha kufunga.

"Des," aliniambia bila kuinua uso, "weka birika chini."

Nikaliweka. "Kuna nini?"

"Wamempa Saima. Wekundu wawili, halafu Saima. Na zimo humu kwenye bunda la Neville."

Jamani, kosa lenyewe ni la watu wa Hebbleshaw tu. Kwenye karatasi, majina ya wale wekundu wawili yako juu kabisa. La Neville liko karibu na mwisho, na la Saima chini yake moja kwa moja. Miaka yote, ukishaona misalaba miwili ile ya juu, wa tatu huutafuti. Uko kwa Neville, utakuwa wapi kwingine? Unaikandamiza karatasi kwa dole gumba hapo chini na kupekua inayofuata. Mawakala nao walipekua hivyo hivyo, maana nao ni wa hapa hapa. Lakini bunda lile lilikaguliwa na Avril, na dole gumba lilikuwa lake.

"Ni nyingi?" nikauliza.

"Za kutosha."

Mkurugenzi alikuwa akijaribu kipaza sauti. Akishatangaza, imetangazwa, labda mtu aende mahakamani, na hakuna ambaye angeenda kwa jambo asilolijua. Gunia la kufungia karatasi lilikuwa wazi miguuni pa Avril. Mimi ni rafiki yake, kwa hiyo nilisema alichopaswa kukisikia. "Neville alibeba jeneza la Wilf."

"Alibeba mbele, upande wa kushoto," Avril akasema. "Mvua ilikuwa inanyesha. Najua, Des."

Kisha akasimama, na kwa sauti ile anayotumia kuwafukuza mbwa wa wapiga kura, akasema, "Mkurugenzi, shuka. Nimekosea."

Mkurugenzi akashuka, karatasi ya matokeo mkononi. Mtu wa wekundu akajaribu kucheka. "Umechoka, mpenzi. Kaa unywe chai."

"Chai nimekunywa. Nimekosea, na mabunda yote ya Bankfoot yafunguliwe."

Yakafunguliwa. Bunda moja moja, karatasi moja moja, mawakala wakiwa wamejikunja juu ya meza kama watu waliodondosha pete. Zile za Saima zilitolewa zikaenda kwenye sketi. Neville alisimama pembeni, ua lake jekundu kifuani, akiona rundo likikua. Mwishowe Saima alikuwa mbele kwa kura tisa. Wekundu wakaomba kurudia, ikarudiwa, zikabaki tisa.

Neville akamsogelea Avril. "Wananichukia?"

"Hapana, Neville. Wenzako wamewapa."

"Sasa mimi nimewafanyia nini? Mitaro yao yote nimeisimamia mimi. Juzi tu bibi mmoja kule amenipa keki mlangoni."

"Sijui," Avril akasema. "Miaka thelathini na minne nazishika kwa mikono hii, na sijui tena wanataka nini. Ningejua ningekwambia."

Neville akalivua lile ua, akawa hajui alitie mfuko gani. Akaondoka nalo mkononi. Mpaka naandika hapa hajapita ofisini, naye alikuwa akipita kila Jumatano kwa biskuti.

Saima aliyekuwa na mkono mmoja wa koti alibaki na mkono mmoja wa koti. "Anti, nilishampigia mama simu kwamba nimeshindwa. Anapika wali wa kunifariji."

"Msiumwage," Avril akamwambia. "Kuleni, mtajua baadaye ni wa nini."

Tangu siku hiyo jengo letu limegawanyika kuliko mji. Ghorofa ya kwanza wanasema amejivunjia jina dakika ya mwisho. Wa mapokezi wanasema ndiyo amelijenga. Uhasibu wanasema yote mawili, kama kawaida yao. Mimi nimebadili mawazo mara tatu na leo bado asubuhi.

Mkuu wa ofisi alinitumia sentensi ya kuweka hapa, ileile aliyoiandaa tangu Januari: "Hakuna hesabu yake hata moja iliyowahi kupinduliwa." Alisema niiache tu, maana matokeo hayakuwa yametangazwa, na kisheria sentensi ni kweli. Nikaenda kumsomea Avril. Alikuwa akikata keki yake ya tangawizi, ile inayong'ang'ania menoni.

"Andika moja," akasema.

"Moja?"

"Moja ilipinduliwa. Na uandike aliyeipindua."

Nimeandika. Hesabu moja ya Avril Mawson ilipinduliwa, na aliyeipindua ni Avril Mawson.

Avril, asante kwa karavani, kwa mashimo ya barabarani, kwa keki, na kwa makarani wote uliowafundisha kwamba karatasi husomwa hadi chini. Ukaamke saa utakayo, bustani yako ikubali, magoti yasikusumbue, na siku ya kura uende ukaweke misalaba yako kisha urudi nyumbani bila kuhesabu cha mtu. Na Jumatano moja mlango ugongwe, awe Neville, anataka biskuti. Hebbleshaw nzima, ya rangi zote, inakutakia mema.

Kuhusu ile bahati yangu ya kura, ni uongo. Nilimpa Neville.