Zamu ya Aliyekosea

Jumatatu ya tarehe tatu mwezi wa sita, saa nne na robo asubuhi, binti wa darasa la tano alichukua chaki mkononi mwa mwalimu mgeni, akasimama mbele ya wenzake, akaanza kufundisha. Habari zilivuka barabara kabla hajamaliza, zikatua kwenye benchi la Mama Kahawa, pembeni mwa kibanda cha kinyozi. Mama Kahawa alikuwa amerudi kazini asubuhi hiyo hiyo, kitambaa cha msiba bado kichwani. Mwalimu wa darasa hilo, waliyemzika Ijumaa, alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Na binti aliyechukua chaki alikuwa mwanawe, kitinda mimba. Mama Kahawa aliacha kumimina, birika likabaki hewani. Mwalimu mgeni hamjui mtoto. Anaweza kumfukuza.

— Nimeona kwa macho yangu! alisema Wembe, kinyozi, povu la sabuni bado vidoleni. Dirisha langu si linatazamana na darasa? Yule mwalimu kabaki mdomo wazi kama mlango wa ghala!

— Alimnyang'anya? Mama Kahawa aliuliza taratibu.

— Wapi! Kaomba kwa adabu zote. "Samahani mwalimu, Jumatano nilikosea, kwa hiyo zamu ni yangu." Kisha kaichukua kama mwenye nyumba.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya marehemu. Anayekosea hesabu leo hachapwi wala hachekwi. Anakwenda nayo nyumbani, analala nayo, na kesho yake yeye ndiye anayeifundisha. Marehemu mwenyewe alikaa dawati la nyuma, magoti yakigusa kidevu, akinyoosha kidole kama wanafunzi wengine. Jumatano binti alijumlisha nusu na theluthi, akapata mbili juu ya tano. Alhamisi, siku ya zamu yake, kulikucha na msiba.

— Kafundishaje? aliuliza Breki, dereva wa lori.

— Kachukua ukanda wa karatasi. "Hii nusu," anawaambia. "Nikiongeza theluthi, lazima irefuke. Sasa tazameni mbili juu ya tano: ni fupi kuliko nusu niliyoanza nayo! Nimeongeza, nikapungukiwa!" Darasa limeangua kicheko, na yeye kacheka nao.

Mama Kahawa alishusha birika. Usiku wa matanga alimwona mtoto jikoni akikata karatasi, akadhani anacheza asahau huzuni yake. Kumbe alikuwa kazini.

— Mimi nitasema ukweli, alisema Breki, na mama usinichukie. Marehemu alikuwa mvivu tu. Watoto wanafundisha, yeye amekaa!

— Mvivu? Wembe aliruka kutoka benchini. Mvivu anayetoka shule jua linazama? Yule alikuwa anatengeneza walimu, bwana! Mmoja mmoja, kimya kimya. Miaka kumi mbele, kila shule ina mtu wake!

— Mnacheza nyinyi, alisema Profesa, fundi viatu, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya miwani. Sikilizeni. Mtoto akijua kesho anafundisha, usiku anafanya nini?

— Anasoma.

— Na anamfanyia nani majaribio?

— Sisi! alisema Breki.

— Haya! Mwanangu kanikalisha kitandani wiki nzima. Mimi, mtu mzima, leo najua kugawa sehemu! Yule bwana alikuwa anatusomesha sisi, jamani! Mtaa mzima, bila ada, bila kutuambia!

— Wallahi! Breki alishika kichwa. Mke wangu juzi kanisahihisha hesabu ya mafuta!

— Ungempa miaka mitano, alisema Wembe, hata meya angekuwa mwanafunzi wake!

— Meya tu? alidakia Breki. Mataifa mazima!

Walicheka mpaka benchi likalia. Mama Kahawa naye alicheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi, kisha akafuta macho kwa pindo la kanga. Macho yake hayakuacha geti la shule. Na alipomwona mwalimu mgeni akitoka, vumbi la chaki kwenye mkono wa gauni, akija moja kwa moja, kicheko kilimkauka.

— Hamjambo. Mama wa yule binti wa darasa la tano ni nani?

Mama Kahawa aliinuka.

— Ni mimi, mwalimu. Kama amekukosea adabu, unisamehe mimi kwanza. Amefiwa na mjomba wake.

— Hajanikosea, mama. Alipomaliza niliandika hesabu yangu ubaoni. Niliharakisha, nikakosea. Darasa zima likaniambia, "Mwalimu, kesho zamu yako." Nimekubali. Ila nimekuja kuuliza. Marehemu akikosea yeye mwenyewe, ilikuwaje?

Breki alimtazama Wembe. Wembe, mwenye dirisha, alitikisa kichwa: hilo hakuwahi kuliona. Mama Kahawa alijua mengi ya mdogo wake: alivyoogopa giza utotoni, alivyorudia darasa la tano mara mbili huku wenzake wakimzomea, alivyoapa akiwa mwalimu hakuna mtoto atakayezomewa mbele yake. Hili hakulijua. Hakuwahi kumwuliza.

— Waulize watoto, mwalimu, alisema Mama Kahawa. Sisi tulikuwa nje ya dirisha.

— Basi mwanao kesho asichelewe. Atanisaidia.

Mama Kahawa alimmiminia kikombe, akampa nafasi kwenye benchi. Kisha akainua viganja, na wote wakainua.

— Ee Mungu, mpokee mdogo wangu. Ulinipa nimbebe mgongoni, nikambeba; umemtaka, nimekurudishia. Makosa yake umsamehe, aliyoyajua na asiyoyajua. Kazi yake usiiache izimike. Lipanue kaburi lake, uliangazie, umpumzishe kwa amani. Amina.