Ukuta wa Upande wa Kitanda

Dada: Haloo? Nani mwenzangu?

Msanifu: Saa tatu na nusu, dada, na fundi hapokei simu.

Dada: Ah, kumbe ni wewe. Fundi yuko juu ya ngazi, mikono imejaa. Hujambo, mdogo wangu?

Msanifu: Sijambo. Paneli imetoka?

Dada: Na mama anaendelea hivyo hivyo, asante kwa kuuliza.

Msanifu: Dada, tumesimama kituo cha mafuta. Wageni wananunua maji, nimejitenga kidogo niongee na wewe. Ukuta umetoka au haujatoka?

Dada: Fundi anasema umemwagiza atoe paneli ya upande wa kitanda. Nimemwambia haiwezekani, huyo namjua, tumelala kitanda kimoja utotoni.

Msanifu: Nimemwagiza hivyo hivyo. Ndiyo pekee inayotazama barabara.

Dada: Mama amelala pale!

Msanifu: Ndiyo maana.

[Mtandao unakwaruza.]

Dada: Hebu rudia.

Msanifu: Hawa ni watu wa kununua nyumba kwa maelfu. Nyumba tupu wameshaonyeshwa hadi wamechoka. Mimi nataka waone ukuta mmoja unachomolewa, mpya unapachikwa, na mwenye nyumba hajainuka hata kitandani. Hakuna msanifu mwingine anayeweza kuwaonyesha kitu kama hicho. Wakitia saini, kuna watu wanaoishi kwenye mabati na maboksi ambao—

Dada: Mama katoka hospitali Ijumaa. Kifua kinalia kama bawaba.

Msanifu: Mfunike vizuri. Ukuta utarudi kabla chai yake haijapoa.

Dada: Nje kuna upepo, na wingu limeshuka mpaka kwenye nyaya za umeme. Majirani wameshajaa. Yule mama wa duka kaja na kigoda chake kabisa!

Msanifu: Vizuri. Watu wanapendeza kwenye picha.

Dada: We mtu wewe!

Msanifu: Mvalishe lile gauni la bluu. Na dawa ya kikohozi mpe sasa hivi, asije akaanza wageni wakiwa wamesimama pale.

Dada: Nimpe na hotuba asome?

Msanifu: Asiseme kitu. Atabasamu.

Dada: Basi nimhamishie sebuleni, mkimaliza nimrudishe.

Msanifu: Sebuleni kuna viti vya wageni na ile meza ya vijinyumba vya mfano. Visiguswe.

Dada: Jikoni, basi.

Msanifu: Dada. Nyumba isiyo na mtu ndani ni boksi. Nimemjengea, ndiyo au siyo? Namwomba asubuhi moja tu.

Dada: Kila anayepita anamwambia, "Mwanangu kanijengea." Mpaka wauza mboga wanajua. Mbona hukumwambia kuwa ni nyumba ya maonyesho?

Msanifu: Ni vyote viwili.

Dada: [Mbali na simu] Fundi, polepole! Shikeni huko chini— [Kishindo.] Haya. Imetoka.

Msanifu: Nzima?

Dada: Nzima. Mama yako anauliza nani kafungua mlango mkubwa namna hii.

Msanifu: Fundi aikate katikati. Wageni waone ilivyo ndani, maranda na saruji, hakuna mchwa, hakuna unyevu.

Dada: Aikate? Kabla ya kuweka mpya?

Msanifu: Kukata mbele yao ni vumbi na kelele. Wakute imeshakatwa.

Dada: Fundi anasema afadhali ajaribu kwanza—

Msanifu: Kila paneli inaingia kila mahali. Ndiyo uvumbuzi wenyewe, dada, hakuna kingine. Akate.

[Msumeno unanguruma kwa muda mrefu. Kikohozi.]

Msanifu: Huyo ni mama?

Dada: Ulidhani nani, msumeno? ... Haya, amekata. Ngoja. Fundi, geuza huku nione. We.

Msanifu: Nini?

Dada: Ndani ni nyeusi.

Msanifu: Ni kivuli.

Dada: Kivuli hakishikiki. Nimetia kidole, kimezama. Ina harufu ile ile ya mito ya mama, niliyokuwa nikiifua kila wiki nikidhani ni jasho la ugonjwa.

Dada: Haloo? Upo?

Msanifu: Igeuzeni. Sehemu iliyokatwa itazame chini.

Dada: Nimekuambia imeoza, na wewe—

Msanifu: Za sasa haziozi. Tumeongeza saruji, tumeongeza unene. Kalibu yote ya kumwagia paneli nilibadilisha mwaka jana.

Dada: Kwa nini uliibadilisha?

Msanifu: Kitaalamu ni—

Dada: Uliibadilisha kwa sababu gani, mdogo wangu?

Msanifu: Hatuna muda wa hilo. Wekeni mpya.

Dada: [Polepole] Mwaka jana. Na yeye ukamwacha humu.

Msanifu: Wekeni mpya, dada!

[Sauti za watu wakinyanyua kitu kizito. "Moja, mbili, sukuma!" Mara mbili. Mtandao unakatakata.]

Dada: ...ingii.

Msanifu: Sikusikii.

Dada: Haiingii! Fundi anasema huu ulimi wa pembeni ni mnene kuliko mfereji wa nguzo.

Msanifu: Haiwezekani. Vipimo vyote ni—

Dada: Nyumba hii ni ya kalibu ya kwanza. Siyo?

Msanifu: ...Ndiyo.

Dada: Msomi wangu.

Msanifu: Achonge ulimi.

Dada: Akichonga, itashika?

Msanifu: Hapana. Upepo ukija itaanguka kwa ndani.

Dada: Kwa ndani ni kitandani.

Msanifu: Najua ramani, niliichora mimi. ... Kuna anayepiga picha hapo?

Dada: Wote! Wewe si uliwataka?

Msanifu: Waondoe. Mwambie fundi ashushe bango lenye jina langu. Hilo kwanza.

Dada: Mvua imeanza.

Msanifu: Bango kwanza.

Dada: Nimesema mvua imeanza. Inamnyeshea miguuni. Turubai liko wapi?

Msanifu: Kiwandani. Nitalituma.

Dada: Saa ngapi?

Msanifu: Wageni wakishaondoka.

Dada: Wanaondoka saa ngapi?

Msanifu: Alhamisi.

Dada: Natoa viti vyako sebuleni, nimlaze huko.

Msanifu: Usitoe. Huenda mchana nikawaleta kwa mlango wa nyuma, waone sebule peke yake. Kwa sasa tundikeni shuka.

Dada: Shuka ninalo, nimelishika hapa kwa mikono miwili kama bendera! Simu nimeiweka kwenye spika, iko kitandani. Sema naye. Mwambie mwenyewe. Mama, huyu hapa mwanao.

Msanifu: Dada, wananiita.

Dada: Neno moja tu. Anasubiri. Kaishika simu.

Msanifu: [Akipaza sauti, mbali na simu] Nakuja, nakuja! [Karibu] Nitapiga baadaye.

[Kitambaa kinasugua kipaza sauti. Hatua kwenye kokoto. Milango ya gari.]

Dada: Haloo? ... Haloo? Hajakata huyu.

Msanifu: [Kwa mbali, kama kutoka mfukoni] Samahani sana, waheshimiwa. Barabara ya kule imejaa maji, itabidi tuanzie kiwandani. ... Nyumba ya mfano? Ipo, tena ina mtu. Anaishi mama yangu mzazi.

Dada: Tunakusikia! We! Tunakusikia huku!

Msanifu: ... Hapana, hapana, mwenyewe ndiye hataki kutoka! Nimembembeleza ahamie kwangu, hasikii. Anasema humo ndimo anamopata usingizi. [Vicheko.] Sasa niambieni, ningekuwa na shaka na kuta zile, ningemlaza mama yangu?

[Vicheko tena. Injini inawaka. Upande wa pili, mvua kwenye bati na kikohozi.]

Dada: Hapana, mama, usimjibu. Hasemi na sisi.

[Simu inakatika.]