Nilivyoacha Kuficha Maumivu Yangu

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Leo naomba amina kubwa, maana miezi michache iliyopita singeweza kukaa kwa kiti hiki hata dakika tano.

Mimi ni Wawira. Nilichuma majani chai kule Kibugu miaka mingi mpaka mwili ukakataa. Mume wangu alitangulia, watoto hatukujaliwa. Nilipopatikana na saratani ya matiti, mpwa wangu Njeru alinileta kwa nyumba ya wazee hapa Manyatta. Nilipewa kitanda karibu na dirisha, nikapata na rafiki, Igandu, mama wa Kimbeere tuliyelala naye chumba kimoja.

Lakini ndugu zangu, nyumba ile ilikuwa na hofu! Mzee akizidiwa, gari linaitwa, anapelekwa hospitali. Haukuwa ubaya wa mtu. Dawa za maumivu makali hazikuwepo, wala mtu aliyesomea kazi hiyo. Tuliwaona wakienda, hatukuwaona wakirudi. Mzee aliyekuwa akitusomea Biblia aliondolewa asubuhi moja, chai yake bado moto mezani. Baadaye tukasikia alifia kwa korido, katikati ya watu asiowajua. Tangu hapo sisi wazee tukajifunza kunyamaza.

Na mimi nilikuwa bingwa! Saratani ilikuwa imeingia mifupa ya mgongo. Nikigeuzwa kitandani, nauma leso. Nikiulizwa, najibu, "Niko sawa, namshukuru Mungu." Ndugu zangu, nilikuwa nadanganya watu kwa jina la Mungu! Ombi langu lilikuwa moja tu: "Baba, wasijue."

Ndipo akaletwa nesi mmoja kutoka Meru, anaitwa Kendi. Matron, msimamizi wa nyumba yetu, alitukusanya pale tunapolia chakula, akasema kuanzia sasa mgonjwa hataondolewa kama hataki. Daktari atakuja pale pale, dawa zitakuwepo, na mtu atatunzwa kitandani mwake mpaka Mungu amwite. Kukawa na dawa ya maji ya kutuliza maumivu makali, inaitwa mofini. Hakuna aliyepiga makofi. Nilimnong'oneza Igandu, "Wametuletea kifo kwa chupa."

Igandu alikuwa mgonjwa kunishinda. Yeye aliikubali. Mimi nikawa namchunguza kama polisi. Wiki hiyo hiyo alianza kula, akaanza kubishana nami tena! Alikaa nasi majuma kadhaa. Halafu mchana mmoja, saa tisa hivi, akaenda zake. Binti yake alikuwa amemshika mkono, na walikuwa wamepata siku za kusameheana. Kendi alimlowesha midomo kwa pamba, sisi tukaimba. Gari halikuitwa. Nililia sana, lakini sikuogopa.

Kesho yake Kendi akaja kwangu, akaniita shosho, yaani nyanya, kama kawaida yake. "Shosho, kutoka moja mpaka kumi, maumivu ni ngapi?"

"Niko sawa, namshukuru Mungu."

Akavuta kiti, akakaa. "Shosho, leso yako imetoboka kwa meno."

Nikakosa pa kujificha. Nikamwuliza, "Nikisema, mtaita gari?"

"Hapana. Utakaa hapa na sisi."

"Na hiyo dawa, haitanimaliza?"

"Ni ya kumaliza maumivu, si ya kukumaliza wewe. Tutaanza na kidogo, na nitakuwa hapa nikikuangalia."

Nikasema, "Basi ni kumi. Imekuwa kumi tangu mvua iliyopita." Kusema hivyo tu, nikahisi mzigo umeshuka!

Ile dawa ni chungu, sitawadanganya tena. Lakini kufika saa sita nililalia ubavu ambao nilikuwa nimeusahau. Nililala mpaka nikaitwa chakula cha jioni. Haleluya! Nikapewa na ya kulainisha choo, maana mofini inafunga tumbo. Msicheke, bila hiyo ningeleta ushuhuda mwingine hapa!

Sasa mtu asitoke akisema Wawira amepona. Sijapona. Daktari aliniambia wazi, na mimi ndiye niliyemwomba aniambie. Mwingine ameniuliza kama nimekata tamaa. Nimekata uongo! Niliomba Mungu anifichie mateso, yeye akaamua kuyaondoa, akamtuma msichana wa Meru amevaa raba, amebeba chupa. Nani amwambie Mungu angetumia njia nyingine?

Namshukuru Mungu, namshukuru Matron, na nyinyi mnaokuja kutuona. Ndugu zangu, kama una mzazi anayekujibu kila siku "niko sawa", vuta kiti, muulize tena. Na wewe unayeumia hapo umenyamaza, mtegemee Mungu, halafu useme. Alishaandaa wa kukusikia.

Siku yangu ikifika, Kendi ameandika nyimbo tatu ninazotaka niimbiwe. Kwa hivyo, wanakwaya, tafadhalini jifunzeni ubeti wa pili. Huwa mnauruka.